Mkono wa Yangi

Fahali aliletwa Alhamisi asubuhi, akafungwa kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, na tangu saa ile Rejoice hakupata tena raha. Hata hakuwa fahali wa maana. Alikuwa mwekundu, mbavu zinahesabika, macho yana usaha. Fahali wa watu waliochangishana kwa manung'uniko. Lakini kila Rejoice alipopita na birika lake la chai aliona kama anatazamwa, na alijua vizuri kwamba mnyama yule ameletwa kumpima mume wake.

Aliyemleta ni Arkangelo, mdogo wa marehemu Mzee Romano, mtu mwenye sauti ndogo na nia kubwa. Kwanza aliuzunguka ua wa kaka yake taratibu. Akagonga ukuta, akatazama bati, akauliza choo kilichimbwa mwaka gani. Kisha akaketi, akaomba chai, akaomba na sukari iongezwe.

"Jumamosi, kabla ya jua," alimwambia Yangi, mume wa Rejoice. "Kisu ninacho mimi. Ni kile cha baba yako mwenyewe."

Yangi alikuwa amechuchumaa anafunga kamba ya kiatu. Alimaliza kwanza, ndipo akainua uso. "Baba mdogo, nilishakuambia. Mimi sichinji."

"Nilisikia. Nikadhani ni maneno ya kilio. Watu wakilia wanasema mengi."

"Sikuwa ninalia."

Katika ukoo wa Mzee Romano karama, ile karamu ya arobaini ya marehemu, haina mjadala. Mtoto wa kwanza wa kiume anachinja alfajiri, nyuma ya nyumba, akiwa na mtu mmoja tu wa kumshikia miguu, kwa sababu waliofiwa hawaruhusiwi kuona mnyama akianguka. Shati lake lenye damu linaanikwa juu ya uzio, kila anayeingia alione. Yeye mwenyewe anampelekea mjane ini lililochomwa, na mjane akishalila ini la mnyama aliyechinjwa na mwanawe, matanga yamekwisha: mume amemwachilia, na siku yake ikifika atalazwa ubavuni mwa mume bila maneno. Jioni wazee wanamkalisha mchinjaji kwenye kiti cha marehemu na nyumba inakuwa yake. Na asipochinja? Kiti kinakwenda kwa ndugu wa marehemu, pamoja na nyumba, na mjane akiwa ndani yake.

Mjane mwenyewe, Mama Poni, alikuwa amekaa mlangoni, miguu imenyooshwa juani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu walipokuwa wakimbizi Uganda. Aliweza kujua kuna mtu mbele yake, ila ni nani, mpaka aseme. Rejoice ndiye aliyemwogesha, akamkata kucha, akamwekea chai mkononi na kumfunga vidole kwenye kikombe. Wake wa Arkangelo walikuwa wakimwita "yule kipofu", tena mbele yake, kana kwamba na masikio yameziba.

"Ya walad, kijana wee," Arkangelo alisema, "sikuambii ukate shingo nzima. Weka mkono wako juu ya kisu tu. Makuach wa buchani atakusukumia."

"Ni kuchinja kule kule."

"Basi simama pembeni, useme, 'Chinja.' Neno moja."

"Kuagiza na kutenda ni mamoja, baba mdogo. Nilifundishwa hivyo." Yangi alisema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa ukiwaudhi watu. "Niruhusu nifanye nijuavyo. Tuwalishe yatima wa kanisani, wale washibe. Mimi nitamimina maji kwenye bakuli, nitamtajia baba jina lake, na ile thawabu itamfikia."

Arkangelo akamgeukia Rejoice, kana kwamba yeye ndiye mwenye akili iliyobaki humo ndani. "Kaka yangu alichunga ng'ombe maisha yake yote. Leo atakunywa maji ya bakuli?"

Rejoice akamwongezea sukari.

---

Yangi alikuwa na ahadi tano. Alizipata Entebbe, wakati wa ukimbizi, alipokuwa akifagia ua wa hekalu la Wabudha. Mtawa mmoja mzee, Mwafrika mwenye kichwa kilichonyolewa, alimfunga uzi mweupe mkononi na kumwahidisha: hataua, hatachukua asichopewa, hatakwenda kwa wake za watu, hatasema uongo, hatalewa. Ya tatu na ya tano Rejoice alizipenda mno, na nani wa mtaa wao wa Gudele asingezipenda? Zilizobaki ndizo zilizomla.

Aliwahi kupewa kazi ya kulinda bohari, mshahara wa dola, na sare juu. Alipoambiwa kuna bunduki akasema asante, akarudi kufyatua matofali. Aliwahi kukaa kwenye banda la chai la Rejoice kumsaidia, mteja akauliza kama maziwa ni ya leo, Yangi akajibu, "Ya jana." Rejoice alimfukuza siku ile ile. Mtaani walimwita Budha. Hata katekista alimwita hivyo, akijaribu kuchekesha.

Lakini Rejoice alimjua Yangi wa kabla ya uzi mweupe. Mwaka ule wa mapigano alibeba bunduki, na alichokifanya nayo hakumwambia mke wake, alimwambia mtawa. Kabla ya kumpata mtawa huyo alikunywa mpaka akaanguka mitaroni, na usiku aliruka kitandani akimkaba mtu asiyekuwepo. Mara mbili shingo aliyoikaba ilikuwa ya Rejoice. Mwanamke ambaye hajalala na mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia chochote kuhusu ahadi tano. Tangu azishike, Yangi alilala kama mtoto. Kwa hiyo Rejoice, Mkristo wa kubatizwa, mwimbaji wa kwaya, aliapa moyoni kwamba hatamwomba mume wake ashike kisu. Hata nyumba iende.

Ila nyumba isiende. Ndipo ulipokuwa ugumu wenyewe. Alimtazama mama mkwe wake akipapasa ukuta kwenda chooni, akawafikiria wake wa Arkangelo, na roho ikakataa.

Ijumaa mchana, wakichambua mchele, alimuuliza mumewe kama mtu anayepiga soga tu.

"Hivi, mtu akiamini jambo lisilo kweli, na si wewe uliyemwambia, umesema uongo?"

Yangi alifikiri, kidole kimesimama juu ya chuya. "Mtawa alisema kuna ukweli unaosubiri. Usipoulizwa, na ukisema utaumiza, unaweza kunyamaza."

"Kunyamaza si kosa."

"Kunyamaza si kosa. Mbona unauliza?"

"Mambo ya kwaya," alisema Rejoice, na yeye hakuwa na ahadi yoyote ya kumzuia.

---

Makuach alikuwa na bucha kando ya barabara ya lami. Alikulia kambi ya Kakuma, Kiswahili chake cha Kenya, na alipenda mambo yaishe upesi.

"Yaani mimi ndiye nichinje, halafu isemekane ni mzee wako?"

"Wewe ndiye uliyetajwa kushika miguu. Utashika miguu na utakata. Hakuna mwingine atakayekuwepo."

"Na yeye?"

"Nitamtuma."

Makuach alifuta kisu kwenye aproni, akakitazama pande zote. "Madam, mimi kazi yangu ni kuchinja. Hizo story zingine sizijui. Ila nikiulizwa na wazee, usiniambie nikae kimya. Mimi hapa ni mgeni, nina biashara."

"Hutaulizwa. Wa kuulizwa ni yeye, na hata yeye hataulizwa, maana shati lenye damu litakuwa juani."

Basi Jumamosi, kukiwa bado na kiza chepesi, Rejoice alimwamsha Yangi akamwambia akamlete katekista, mzee wa watu asije akapotea. Yangi aliuliza shati lake la mistari liko wapi, akaambiwa limeloweshwa. Akavaa fulana, akaenda. Alikwenda kweli bila kushuku, na Rejoice alipomwona akipotelea kwenye kona alihisi haya mpaka masikioni.

Makuach alikishika kile kisu cha marehemu, ambacho Arkangelo alikuwa amekileta Ijumaa jioni, na hakukawia. Fahali alikoroma kidogo tu. Rejoice alichukua lile shati, kavu kabisa, akalichovya kifuani na kwenye mikono, na damu ilikuwa ya moto kuliko alivyotazamia. Alilianika juu ya uzio wa mabati mbele ya nyumba, akanawa, akachoma ini, akatapika nyuma ya choo, akarudi kugeuza ini lisiungue.

Yangi alirudi na katekista jua likichomoza. Alisimama mbele ya uzio. Akatazama shati, halafu akamtazama mke wake aliyesimama mlangoni na sahani.

"Nyamaza tu," Rejoice alimwambia kwa sauti ya chini. "Hujaua. Hujaagiza. Hujasema lolote. Mpelekee mama."

Uso wa Yangi ulijikunja mara moja, ukatulia. Aliipokea sahani. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akamwekea kipande kinywani, na Mama Poni akatafuna akilia, mkono wake umeshika kichwa cha mwanawe. "Romano, umeona," alisema. "Umeona mtoto wako." Rejoice naye alilia, kwa furaha, na wala hakujilaumu hata kidogo.

---

Mchana ulikuwa mzuri. Watu walikula, na walioingia walilitazama shati kwanza, kisha wakampa Yangi mkono. Wanaume waliomwita Budha walimpiga bega. Yangi alijibu salamu, akainamisha kichwa, akabeba maji, akagawa sahani. Hakuna aliyemuuliza, kama Rejoice alivyopanga. Wake wa Arkangelo walimwomba chumvi kwa adabu, na Rejoice akawapa akiwa amenyoosha shingo.

Jua lilipolegea Arkangelo mwenyewe alikileta kiti. Kilikuwa kigoda cha mguu mmoja mfupi, kimeng'aa kwa kukaliwa. Alikiweka katikati ya wazee, akakifuta kwa kiganja.

"Nilikuwa na shaka na mtoto huyu," alisema. "Leo sina. Kiti hiki cha kaka yangu tunampa yule aliyechinja. Yangi, kaa."

Yangi alisogea mbele. Akakitazama kigoda, akabaki amesimama.

"Kaa, basi."

"Siwezi."

"Mgongo?" mzee mmoja akauliza, na watu wakacheka.

"Mnampa aliyechinja," Yangi alisema. "Mimi si huyo. Nikikaa hapa nitakuwa nimechukua kitu ambacho sikupewa."

Rejoice alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alikuwa ameilinda ahadi ya kwanza, akailinda na ya nne kwa ujanja wake wote, na ile ya pili, ya kutochukua, hakuikumbuka kabisa. Nani angeikumbuka? Ilikuwa ahadi ya kuku na simu za watu. Ilihusu nini kigoda cha baba yake mzazi?

Arkangelo hakupaza sauti. "Nani alichinja?"

Yangi hakumtaja mtu, lakini wote walijua nani alitajwa kushika miguu, na kila mtu akageuza shingo kumtafuta Makuach. Huyo alikuwa amejipakulia mfupa. Aliuweka chini, akajikuna shingo.

"Ni mimi, mzee. Mama huyu ndiye aliniita."

"Basi kiti ni cha Makuach," kijana mmoja akasema nyuma, na kicheko kilichozuka kilikuwa kibaya kuliko matusi.

"Na shati?" Arkangelo alimuuliza Rejoice.

"Nililipaka mimi."

"Wewe. Mwanamke wa kuolewa." Alitikisa kichwa kwa masikitiko, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika kigoda. "Mmetulisha uongo kwenye karama ya kaka yangu. Watu wamekuja kutoka Yei kula uongo."

Wanawake walianza kukusanya masufuria yao, mengine yakiwa na chakula bado. Walikimwaga chakula pale pale chini, wakaenda. Bibi mmoja aliyekuwa amesifu pilau mara tatu alisukutua kinywa, akatema karibu na mguu wa Rejoice. Akamtazama, akatema tena. Makuach alichukua kisu chake akaondoka bila kudai malipo. Katekista alisema tuombe, na hakuna aliyefumba macho.

"Khalas, imekwisha," Arkangelo alisema. "Jumapili ya wiki ijayo mwanangu atachinja. Ninyi mwondoke Jumatatu. Poni anabaki, yeye ni mke wa ukoo. Hamwezi kumbeba mke wa ukoo mkaenda kumpangishia chumba kule Sherikat."

---

"Ungenyamaza," Rejoice alimwambia Yangi Jumapili, wakifunga godoro kwa kamba. Hakuwa na nguvu ya kugombana, lakini maneno yalimtoka tu. "Ulinyamaza mchana kutwa. Ungekaa kitako, basi. Watu wanakaa kwenye viti vibaya zaidi ya kile. Mawaziri wanakaa."

"Nilitaka kukaa. Rejoice, nilitaka. Miguu ilikataa."

"Miguu yako ina dini kuliko mimi."

"Unanichukia."

"Sikuchukii. Nimechoka na wewe." Alivuta kamba, ikamkata kiganja. "Umelala jana. Nilikuangalia. Umelala fofofo, na mimi nimekaa macho mpaka majogoo, na uongo ule niliusema kwa ajili ya usingizi wako. Hilo ndilo linaloniuma. Nyumba nitaisahau."

Yangi alikaa juu ya godoro, mikono imelala magotini. Uzi mweupe ulikuwa umekuwa wa kahawia. Alitaka kusema kitu, akaona kila alicho nacho ni maneno ya mtawa, akaishika kamba, akaikaza.

Jumatatu waliita raksha ya magurudumu matatu. Vitu vilijaa upesi: godoro, sufuria, birika la chai, jiko, gunia la nguo. Watoto walikuwa Sherikat tangu msiba, kwa Josline, dada yake Rejoice, na huko ndiko walikokuwa wanakwenda, chumba kimoja watu saba. Mke mkubwa wa Arkangelo alikuwa tayari amekwisha kuhamishia kuku zake uani. Alisimama akihesabu kwa macho kila kilichopakiwa, akadai mwiko mmoja kuwa ni wa marehemu. Rejoice akautoa gunia likiwa limeshafungwa, akampa.

Alikuwa ameshamuaga Mama Poni mapema. Alimwogesha, akamwekea chai, akamfunga vidole kwenye kikombe, akatoka mbio kabla yule mama hajaanza kusema.

Dereva alipowasha raksha Yangi alimshika Rejoice mkono. "Kama kuna jema nililolipata kwa kushika ahadi zangu," alisema, "lote nakugawia wewe. Sibakizi kitu. Wewe ndiye unayestahili."

Alisema kutoka moyoni, na Rejoice alijua. Hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kikubwa namna ile na kisicho na kazi namna ile.

"Mpe mama yako," alisema. "Ndiye anayebaki."

Yangi aliteremka, akarudi uani. Kutoka kwenye raksha Rejoice aliweza kuuona mlango, na Mama Poni pale kwenye jua lake, na mume wake akichuchumaa mbele yake.

"Nani?" Mama Poni aliuliza.

"Ni mimi, mama. Yangi. Tunaondoka."

"Hao wanasema hukuchinja." Alisema bila hasira, akipapasa hewa mpaka akaupata uso wake. "Tangu juzi wananiambia. Wanasema nimekula ini la mkono wa mtu baki, kwamba Romano hajaniachilia, na nikifa sitalazwa kwake. Wananiimbia mpaka kwenye chakula. Nimewaambia, nyamazeni, mtoto wangu ataniambia mwenyewe, Yangi hasemi uongo, kila mtu wa Gudele anajua. Basi niambie. Nilikula ini la mkono wa nani?"

Mke wa Arkangelo, mwiko mkononi, alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, akisikiliza bila kujificha. Dereva alipiga honi. Rejoice alitoka nusu mwili kwenye raksha, na kwa mara ya kwanza tangu amjue mtu yule alimwombea kwa Mungu wake mwenyewe asijibu kitu, ainuke tu aje.

"Mkono wangu, mama," Yangi alisema. "Mimi ndiye niliyechinja."

Mama Poni akaachia pumzi ndefu, mabega yake yakashuka. Akampapasa mashavu, akamwambia aende salama, asiwaache watoto wakae na njaa. Mke wa Arkangelo aliguna, akaenda zake jikoni.

Yangi alirudi. Alipanda, akakaa pembeni ya gunia, akatazama mbele. Midomo yake ilikuwa imekauka. Waliingia barabara ya lami, wakapita bucha ya Makuach, na njia nzima hadi darajani alikuwa akiuzungusha ule uzi mkononi mwake. Rejoice alisogea, akampisha nafasi ya kuegemea, na alijua kwamba usiku huo, katika kile chumba cha watu saba, mume wake hatalala.